Serso mbili mikononi: tuanzie wapi?



Tangu tulipogusia serso katika safu hii, wamama wengi wametuuliza mambo mawili. La kwanza wanaliuliza kwa sauti: serso ndogo mbili zinachezwa namna gani, na mtu ambaye hajawahi kugusa hata moja anaanzia wapi? La pili wanatuuliza pembeni, mkutano ukiisha: je, inafaa binti wa miaka 12 acheze kitu hicho? Tutajibu yote mawili. La kwanza tutalipa nafasi kubwa zaidi, sababu mama akishaona namna mchezo unavyochezwa, nusu ya swali la pili inakuwa imejibiwa.

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. Serso ambayo wengi wetu tunaijua ni ile kubwa ya kuzungusha kiunoni. Ya mtu mzima inafika karibu mita 1 toka upande mmoja hadi mwingine. Serso ndogo ni ya mikono. Upana wake uko kati ya sentimeta 50 na 70, na kiunoni haipiti kabisa. Mtu anajifunza na moja, kisha anakamata mbili, moja kila mkono, na hapo ndipo mchezo unapendeza. Kazi inafanywa na mabega, viwiko na vifundo vya mikono, na miguu inafuata mdundo. Kiuno kinapumzika.

Sasa tuseme kwa nini tunalisumbukia jambo hili katika gazeti la wamama. Sisi tunaofundisha masomo ya msingi tunaona kitu kimoja kila mwaka. Mtoto msichana wa mwaka wa pili ao wa tatu, kengele ya mapumziko ikilia, anakimbia, anaruka kamba, anaanguka, anaamka. Msichana huyohuyo akifika mwaka wa sita anakaa ukutani. Anamshikia mwenzake daftari, anasuka nywele, anaangalia. Wavulana wa umri wake bado wanakimbia, na wadogo zao wanasukuma tairi kwa kijiti katika avenyi nzima bila mtu kuwauliza kitu. Lakini yeye ameanza kuambiwa kwamba amekuwa mkubwa. Nyumbani bidoni la maji ni lake, mtoto wa mgongoni ni wake, sombe ya kutwanga ni yake. Hatusemi kazi za nyumba ni mbaya, sisi pia tumelelewa nazo. Tunasema tu kwamba mwili wa binti wa miaka 11 ao 12 bado unahitaji kucheza, na kwamba hakuna siku ambapo mtu alikaa chini akaamua kumnyima. Mchezo unamtoka polepole, na sisi wakubwa hatuoni.

Mama mmoja wa kikundi alituambia wazi: «Mwalimu, kama binti yangu anacheza serso, nani atateka maji?» Ni swali la haki na tusilicheke. Jibu letu ni hili: atayateka yeye, kisha atacheza dakika 20. Hatuombi zaidi ya hapo. Na tunaomba dakika hizo zihesabiwe kama zake, zisiwe zile zinazobaki tu kama hakuna mtu amemwita. Maana tunajijua, mtu hakosi kumwita.

Serso ndogo inaingia vizuri katika dakika 20. Inaingia pia katika parseli zetu. Hapa Bukavu mahali pa tambarare ni mali, na wengi wetu tunaishi juu ya mteremko ambapo hata kuku anasimama kwa adabu. Kwa kuanza, mita 2 kwa 2 zilizo sawa zinatosha mchezaji mmoja. Tahadhari ni moja tu: serso ikidondoka, itashuka kwenda kwa jirani. Watoto wetu wamepata dawa yake. Mmoja anasimama upande wa chini kama kipa, na kila baada ya kudondosha mara tatu wanabadilishana.

Tiyo, maji ya moto na hesabu kidogo

Serso za dukani, kama zinapatikana, mara nyingi ni nyepesi mno, zinapindapinda mkononi na hazifundishi. Ya kutengeneza wenyewe ni bora. Mnaenda kwenye kenkayeri na kuomba tiyo nyeusi ya maji, ile laini inayouzwa kwa mita toka kwenye mviringo, ya milimita 20. Msichukue zile ngumu zilizonyooka za mita 6, hazikubali kupinda. Ile ya mviringo imekwisha kupinda yenyewe, nusu ya kazi imefanyika.

Kipimo kinategemea mkono wa mchezaji. Anyooshe mkono pembeni. Serso ikishikwa kwenye vidole ifike karibu na kwapa. Kwa binti wa miaka 10 hadi 12 mara nyingi tunapata sentimeta 55 hadi 60, kwa mama 65 ao 70. Ikiwa kubwa mno itapiga magoti na udongo. Ikiwa ndogo mno itazunguka mbio sana na mtu anayeanza hataiweza. Wengi wanafikiri ndogo ndiyo nyepesi kujifunza. Ni kinyume chake: serso pana kidogo inazunguka polepole na inakupa nafasi ya kufikiri.

Ili kujua urefu wa tiyo, zidisha upana kwa 3,14. Serso ya sentimeta 60 inahitaji sentimeta 188, ao tuseme mita 1 na sentimeta 90. Mbili zinakula mita 3 na sentimeta 80. Kama binti yenu yuko mwaka wa sita, mpeni yeye afanye hesabu hiyo kabla ya kwenda sokoni. Tumefundisha mzingo wa duara ubaoni kwa chaki miaka mingi, na hatujaona mtoto akiufurahia kama siku ile anapoambiwa kwamba akikosea, feza ya mama imepotea na serso haitafunga.

Kwa kuunganisha, chonga kipande cha mti mgumu, urefu wa sentimeta 8, kinene kiasi cha kuingia ndani ya tiyo kwa kubana. Chovya ncha moja ya tiyo katika maji yanayochemka kwa muda wa dakika moja hivi, italainika. Sukuma mti hadi nusu, acha ipoe, kisha fanya vilevile ncha ya pili. Kazi ya maji ya moto ni ya mtu mzima. Msitie misumari kabisa, hata midogo, maana mti ukichoka msumari utatoka na kumchana mtoto mkononi. Zungushia skoch mahali pa kiungo, mara tatu ao nne kwa kukaza.

Limebaki jambo ambalo wengi wanalisahau: tiyo mpya inateleza kama samaki. Chukua karatasi ya msasa na ukwaruze upande wa ndani wa duara, pale serso inapogusa mkono. Usikwaruze nje. Kisha, kama mna skoch za umeme za rangi, zungusha moja kwa mtindo wa kamba juu ya serso nzima. Si pambo tu. Rangi inamsaidia anayejifunza kuona serso yake inazunguka namna gani. Serso moja ya milimita 20 iliyomalizika inakuwa na uzito kama robo kilo, na uzito huo unatosha. Ziko serso nzito zinazotangazwa kwa kupunguza tumbo. Hizo tunawaomba msizitie mikononi mwa watoto, na hata ninyi wenyewe msizikimbilie.

Juma la kwanza ni la serso moja

Hapa ndipo tunapoomba uvumilivu. Kila mtu anataka kukamata mbili siku ya kwanza, na kila mtu anayekamata mbili siku ya kwanza anajipiga puani. Anzeni na moja.

Simama, miguu imeachana kidogo, magoti yamelegea. Nyoosha mkono mbele kwa kimo cha kifua, kiwiko kimekunjwa kidogo. Kiganja kiangalie pembeni kama unamsalimia mtu, vidole vinne vimeshikamana, kidole gumba kimesimama juu. Tundika serso katika nafasi iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Gumba ni ukingo wake, linaizuia isitelemke kuja kwenye kifundo. Sasa ibembeze, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama kengele. Ikipata nguvu, iache ipite juu na kuzunguka mkono wote. Itapita mgongoni mwa mkono, chini ya kidole kidogo, kwenye kiganja, na kurudi. Usiikamate. Mkono unabaki wazi.

Kosa la watu karibu wote ni kusonga bugali: wanazungusha mkono mzima toka begani, kwa nguvu. Serso haitaki nguvu. Ikishaanza kuzunguka, kiganja kinachora duara dogo tu, kama mdomo wa kikombe. Ukiona begani umechoka baada ya dakika mbili, punguza duara.

Kosa la pili ni serso kulegea na kuyumba, inakwenda mbele, inarudi, inagusa uso. Dawa yake ni ukuta. Simama mbele ya ukuta, serso ikiwa kati yako na ukuta, karibu lakini bila kuugusa, na uizungushe. Ukisikia «tak» ujue imepinda. Ukuta una subira kupita mwalimu, unasema kosa lilelile mara mia bila kukasirika.

Mzunguko huo wa mbele ukikaa, jifunze wa pembeni. Mkono uende upande wako, vidole viangalie nje, na serso izunguke kama gurudumu la baiskeli unayotembea nayo. Kwenda mbele kwanza, kisha kurudi nyuma. Saa kumi ya jioni, jua likiwa limelala upande mmoja, simama ili kivuli chako kianguke ukutani: utaona kama gurudumu lako ni la mviringo ao ni yai.

Kisha mkono wa kushoto. Tunakaa hapa kidogo, sababu ndipo wengi wanapoachia. Kwetu mkono wa kushoto haujazoea heshima. Mtoto anayempa mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto anakemewa, na masomoni bado wako wanaolazimishwa kuandika kwa kulia. Basi mkono huo umekaa miaka 10 ao 40 bila kufundishwa kazi ya upole, na leo unaombwa kuzungusha serso. Utakataa. Utaidondosha mara 20. Binti mmoja darasani alituambia kwamba mkono wake wa kushoto «hauna masikio». Kanuni yetu ni kwamba mkono dhaifu unapata dakika mara mbili: kama wa kulia umecheza dakika 5, wa kushoto ucheze 10. Na unaanza wenyewe, kabla ya wa kulia, wakati mwili bado haujachoka. Kwa wale wanaotumia kushoto, geuzeni tu.

Tusiseme kwamba kuzoeza mkono wa pili kunamfanya mtoto kuwa na akili zaidi katika hesabu. Yanasemwa mengi ya namna hiyo na hatuyauzi. Tunasema tunachokiona: mtoto aliyeshindwa mara 20 na kufaulu mara ya 21, tena mbele ya wenzake, anatembea namna nyingine siku ile.

Zinapokuwa mbili

Mikono yote miwili ikiweza kuzungusha peke yake mara 20 bila kudondosha, mbele na pembeni, ndipo mnaongeza ya pili. Kwa wengine ni juma moja, kwa wengine matatu.

Anzeni pembeni, si mbele. Serso moja kila upande wa mwili, zote zinakwenda mbele pamoja, kama magurudumu mawili ya mkokoteni nawe uko katikati. Ndiyo rahisi kuliko zote, sababu mikono inafanya jambo moja na serso haziwezi kugongana. Ikikubali, zirudishe nyuma zote pamoja. Tembea nazo hatua nne mbele, nne nyuma. Watu wanafikiri miguu ni ya mwisho kujifunza, lakini ukisimama kama nguzo majuma mengi, siku utakapotaka kutembea mikono itasahau kila kitu. Hatua ziingie mapema, hata kama ni mbili tu.

Kisha zamu. Moja iko juu, nyingine iko chini. Wamama ninyi mnaijua hii kupita mabinti zenu. Ni kutwanga kwa michi miwili katika kinu kimoja: wako unapanda, wa mwenzako unashuka, na mkivunja mpangilio michi inagongana. Tuliwahi kueleza zamu kwa vijana kwa muda mrefu, kwa namba, kwa michoro, hawakuelewa. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa anachambua maharagi akasema tu: «Twangeni.» Wakatwanga.

Baada ya zamu, moja mbele na nyingine nyuma. Hii inasumbua kichwa kwelikweli. Mikono itataka kuigana. Polepole, bila muziki, ukihesabu hadi nne kwa sauti.

Mwisho ndipo mnakuja mbele ya mwili, serso mbili ubavuni kwa ubavu. Hapa kuna siri moja ya kipimo: mikono yako iachane zaidi ya upana wa serso moja. Kama serso ni ya sentimeta 60, mikono iachane 70. Zikienda upande mmoja na kwa wakati mmoja, hazitagusana kamwe, hata mkizungusha hadi usiku. Zikianza kugongana, ujue moja imechelewa ao mikono imekaribiana. Mkono unaokaribia mwenzake mara nyingi ni ule dhaifu, unatafuta msaada.

Toka hapo njia zinakuwa nyingi. Kuna kuvuka: serso ya kulia inazunguka upande wa kulia, inavuka mbele ya kifua, inazunguka upande wa kushoto, inarudi, na njia yake inachora namba 8 iliyolala. Ukiijua kwa kila mkono peke yake, siku moja utaziachia zote mbili zivukane, moja nyuma ya nyingine, na watu wa parseli watatoka nje kuangalia. Kuna pia kuidanganya macho: kiganja kinatembea kwenye duara la serso yenyewe kiasi kwamba serso inaonekana imesimama hewani, kama imetundikwa msumarini. Hiyo msiiharakishe. Na anayetaka kuchanganya anaweza kuweka serso kubwa kiunoni na ndogo moja mkononi, mradi kila moja imejifunzwa peke yake.

Muziki uje wakati mikono haifikirii tena. Kwa mwanzo, wimbo wa rumba unafaa sana, sehemu yake ya polepole ya mwanzoni, ambapo mtu anapata muda wa kugeuka na kupumua. Rumba yetu iliandikwa na UNESCO mwaka 2021 kati ya urithi wa dunia, basi hatuna sababu ya kwenda mbali kutafuta muziki wa watoto. Sebene ikiingia, wanaoanza wapumzike na kupiga makofi. Waliokomaa waendelee.

Juu ya lile swali la pembeni

Wengine wanasema: hiyo ni ngoma ya kutikisa mwili, tunawafundisha mabinti kutazamwa. Tumekwisha kusema kwamba serso ndogo haipiti kiunoni, lakini hatutaki kujificha nyuma ya jibu hilo, sababu hata ile ya kiuno hatuoni dhambi yake. Watu wa mataifa mengi wameicheza bila kumwuliza mtu. Mwaka 1958 kampuni moja ya California, Wham-O, iliwauzia Wamarekani mamilioni ya serso za plastiki kwa miezi michache, na wazo lake lilitoka kwa watoto wa Australia waliokuwa wakijizoeza kwa serso za mwanzi. Mabinti wa mazoezi ya viungo yenye muziki wanashindana kwa serso katika Michezo ya Olimpiki tangu 1984, na serso yao ina upana wa sentimeta 80 hadi 90. Wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini wana ngoma yao ya serso ndogo nyingi, wanazipanga mwilini hadi zinakuwa mabawa ya tai, na kwao ni hadithi na heshima. Kila mwaka wanashindana katika Makumbusho ya Heard, mji wa Phoenix. Na mwanamke mmoja wa Australia ambaye baba yake ni Msomali, Marawa Ibrahim, alizungusha serso 200 mwilini kwa wakati mmoja mwaka 2015. Mia mbili! Sisi tunahangaika na mbili.

Lakini hatuwaombi mkubali kwa sababu ya Phoenix ao Australia. Hofu ya mama ina mzizi hapahapa. Mnajua mabinti wetu wanapita katika mambo gani njiani, mnajua macho ya watu, na mama anayemwambia binti ajifunike na akae chini mara nyingi anajaribu kumlinda. Tunaheshimu hilo. Ila tunauliza: je, kukaa chini kunamlinda? Anayemtazama vibaya binti aliyesimama atamtazama vibaya aliyekaa. Jambo linalotegemea sisi ni mahali na watu. Wacheze ndani ya uzio ao katika uwanja wa kikundi, si barabarani. Mama mmoja ao wawili wawepo kila mara, na wakae pale hadi mwisho, wasiseme «nakuja» na kuondoka. Avae suruali ao bermuda chini ya kikwembe ili arukeruke bila wasiwasi. Mtu asipige picha wala video za watoto na kuzisambaza, hata akiwa mjomba, hata akisema ni kwa wema. Hilo tunalikazia, sababu simu ndizo zimetuletea taabu kupita ngoma yoyote. Na kama binti mwenyewe hataki kucheza mbele ya watu, asilazimishwe. Wako wanaocheza vizuri kabisa nyuma ya nyumba, na hiyo inatosha.

Na ninyi je?

Tunawaona mnaosimama pembeni na kutabasamu. Serso zile za sentimeta 70 hazikutengenezwa kwa ajili ya ukuta. Mama anayebeba mzigo kwa kamba ya kipaji, ao anayeinama juu ya mashine ya kushona ao juu ya meza ya samaki siku nzima, mabega yake yamejifunga kuja mbele. Serso inayafungua. Dakika 10 jioni, polepole, zinatosha kuanza.

Aliyejifungua kwa kupasuliwa, ao mwenye mimba, amwulize kwanza muuguzi wa kituo cha afya anayemfuata kabla ya kuanza, hata kama serso haigusi tumbo. Ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada itakuwa nyekundu siku za kwanza, ni kawaida, ipumzishe siku moja. Lakini kidole kikifa ganzi, ao kifundo kikiuma hata usiku, acha mpaka maumivu yaishe, na yakikaa nenda ukaonyeshe. Hatuwaahidi kwamba mtapungua kilo.

Kikundi chetu kinakutana siku ya posho, saa tisa, masika yakituruhusu. Serso sita tulizo nazo zinazunguka kati ya watu 15, na wanaongojea wanahesabu kwa sauti kwa ajili ya wanaocheza, basi hakuna anayekaa bure. Anayetaka kutengeneza zake alete mita zake za tiyo. Mti, msasa na maji ya moto viko. Skoch ya rangi ndiyo imetuishia.

Mkizifikisha nyumbani, msiziache juani juu ya bati, zitapinda na kuwa kama yai. Msizitundike pia kwenye msumari mmoja mwaka mzima. Zilazeni chini ya kitanda, juu ya sakafu iliyo sawa. Ikipinda kidogo, ikalie masanduku mawili usiku kucha, asubuhi inakuwa imerudi.